Kwa nini tulikubali Lusajo aanze dawa

Mwanangu wa pili, nitamwita Lusajo ingawa si jina lake, anakunywa fluoksetini kila asubuhi tangu alipokuwa darasa la tano. Wengi wanaijua kama dawa ya sonona. Yeye hana sonona. Ana OCD, ugonjwa unaomletea mtu mawazo ya kutisha yasiyotaka kutoka kichwani, kisha unamsukuma arudie vitendo fulani ili hofu ishuke kidogo. Nina kibanda cha kushona sare za shule Mwanjelwa, hapa Mbeya, na akina mama wanaoleta watoto kupimwa wakati mwingine wananisikia nikimpigia simu dada wa nyumbani kuuliza, "Lusajo amekunywa dawa?" Wanataka kujua dawa gani. Nawaambia. Wengine wanabadilisha mazungumzo haraka. Wengine wanasubiri mpaka kibanda kibaki kitupu, halafu wanaanza kueleza kuhusu mtoto wao. Haya nayaandika kwa ajili ya hao wanaosubiri, na kwa mzazi ambaye karatasi ya dawa iko mezani kwake sasa hivi na hajaamua.

Tunaishi Uyole. Mume wangu analima viazi upande wa Isyonje, na wanaovijua viazi vya huku wanajua kwamba mvua zikichanganya, ukungu haukusubiri: unapuliza, na hujakaa unapuliza tena. Bomba la kupulizia na chupa za dawa vilikuwa vinakaa stoo. Shuleni wakafundishwa hatari ya viuatilifu, somo la maana kabisa. Darasa zima lilisikia likatoka kwenda kucheza. Kwa Lusajo liliingia likagoma kutoka. Akaanza kuamini kwamba mikono yake ina sumu, na kwamba akimshika mdogo wake Tusa, mtoto atakufa usiku.

Nikisema alikuwa ananawa mikono, utaona mtoto msafi. Hebu nieleze. Alianza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakisugua kwa sabuni ya mche huku akihesabu, akaenda kinachofuata, vidole vyote kumi, kisha viganja, kisha mpaka kwenye viwiko. Wazo la Tusa likipita kichwani katikati ya hesabu, anarudi kwenye kidole kidogo cha kushoto. Likipita tena, anarudi tena. Maji ya Uyole asubuhi ya mwezi wa saba yanauma mpaka kwenye mfupa. Ngozi ya juu ya mikono yake ilifanya nyufa nyekundu, na mafuta ya mgando nikimpaka anayaosha, kwa kuwa sasa nimemgusa. Daftari lake la Hisabati lilikuwa na madoa ya damu sehemu ileile ya kila ukurasa, pale mkono unapoegemea wakati wa kuandika. Mwalimu wake alinifungulia daftari hilo mezani, akaliacha nilitazame mwenyewe.

Na maswali. "Mama, nimemgusa Tusa, atakufa?" "Hafi, baba." "Una uhakika?" "Nina uhakika." "Kabisa?" Tunazunguka hivyo mpaka usingizi umbebe, na alfajiri namkuta amesimama kando ya kitanda cha Tusa anaangalia kifua chake kama kinapanda na kushuka. Usiku mmoja aliniambia kitu ambacho kilinibadilisha mawazo yote kuhusu ugonjwa huu: "Mama, najua siyo kweli. Lakini nisipofanya, kichwa kinasema nimemuua." Watu wengi wenye OCD wako hivyo. Wanajua, na kujua hakuwapunguzii chochote. Ndiyo maana kumkemea mtoto wa namna hii, au kumwelimisha kuhusu sumu, ni kupoteza maneno. Ana elimu ya sumu kuliko baba yake anayepuliza.

Safari ya kupata jina la ugonjwa sitaieleza sana. Zahanati moja mikono ilitibiwa kama fangasi. Kanisani tuliombewa, na maombi sikuyakataa wala siyakatai leo. Hatimaye muuguzi mmoja aliyekuja kushonesha sare za wanawe ndiye alituelekeza kliniki ya afya ya akili, tukaonana na daktari bingwa. Alimhoji Lusajo kwa upole sana, akitumia dodoso linalotoa alama kuanzia 0 hadi 40, linalouliza mawazo yanachukua saa ngapi kwa siku, yanazuia nini, mtoto anaweza kuyapinga kiasi gani. Alama 24 hadi 31 ndilo kundi la ugonjwa mkali. Lusajo alikuwa humo.

Nilitegemea tutoke na dawa siku hiyohiyo, na nilikuwa nimejiandaa kukataa. Hatukupewa. Daktari alisema tiba ambayo kila mtoto mwenye OCD anatakiwa kuipata, awe na dawa au asiwe nayo, ni ya mazoezi: mtoto anasogezwa kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa, halafu anasaidiwa asifanye kile kitendo cha kujituliza, mpaka mwili ujifunze kwamba hofu hupanda na kushuka yenyewe. Msingi wake ulijengwa London na mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyechapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo tiba ya maongezi yenye ushahidi mwingi kwa ugonjwa huu.

Tukaanza. Mwanasaikolojia alichora na Lusajo ngazi ya hofu kwenye karatasi, chini jambo jepesi, juu zito. Ya kwanza ilikuwa kusimama mbele ya mlango wa stoo. Ya pili, kugusa kitasa cha mlango huo kisha kukaa bila kunawa mpaka hofu ipungue nusu. Katikati kulikuwa na kumenya kiazi cha kuchemsha kwa mikono na kukila. Juu kabisa: kumpakata Tusa mpaka alale.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wazazi wa mashambani, na lilituchanganya sisi. Sumu ya kweli ipo. Mume wangu alitaka kuhamishia kila kitu shamba ili mtoto apumue. Mwanasaikolojia alituuliza: nyumba yenye watoto ambao hawana OCD, sumu inatakiwa kukaa wapi? Tukasema kwenye kabati lenye kufuli, mbali na chakula. Akasema fanyeni hivyohivyo, kisha ishieni hapo. Ukitoka shamba unanawa kwa sabuni mara moja, kama kila mtu. Kinachozidi hapo ni cha ugonjwa, na familia haiulishi. Hata yale majibu yangu ya usiku, "hafi, baba", yalikuwa chakula chake, kwa kuwa kila jibu lilimpa nafuu ya dakika moja na kumrudisha kuomba jingine. Tulijifunza kumjibu, "Hilo ni swali la OCD, silijibu. Nipo hapa." Kulisema neno hilo mbele ya mtoto anayelia ni kazi, asikudanganye mtu.

Ngazi ya kwanza aliipanda. Ya pili ilimshinda. Akigusa kitasa alitetemeka mwili mzima, akatapika, akakimbilia bomba la maji. Tukairudia, tukaigawa vipande, tukamwacha aguse kwa kidole kimoja, kwa leso, kwa fimbo. Hofu yake haikushuka hata robo kabla hajakata tamaa, na kila alipokimbia alirudi akiwa ameamini zaidi kwamba stoo ni kifo. Shuleni akaanza kubaki darasani wakati wa mapumziko ili asiguswe. Hapo ndipo daktari alipoleta suala la dawa.

Mume wangu aliuliza, "Mpaka lini?" Nami nilikuwa nalo hilohilo mdomoni. Mtoto wa miaka kumi ukiambiwa atameza kidonge kila siku, picha inayokujia ni mzee wa presha mwenye mfuko wake wa dawa, anaubeba mpaka kaburini.

Daktari alijibu kwa hatua, na nashukuru hakutupa neno la kututuliza. Kwa OCD dawa hizi hazifanyi haraka. Zinahitaji wiki 8 hadi 12 kwenye kipimo cha kutosha ndipo useme imesaidia au haikusaidia. Isiposaidia, unabadilisha. Ikisaidia, hauachi siku unapoona mtoto yuko vizuri. Mwongozo wa Uingereza unataka iendelee angalau miezi 6 baada ya dalili kutulia, wa Marekani miezi 6 hadi 12, halafu ipunguzwe polepole huku mtoto akiangaliwa. Kwa watoto wengi dalili hurudi dawa ikiondolewa, hasa ikiondolewa ghafla. Kwa hiyo hesabu ya kweli, alisema, ni mwaka mmoja na ushee kwa uchache, inaweza kuwa miaka kadhaa, na kila baada ya muda tunakaa upya kuamua. Hakuna anayeisaini kwa maisha leo.

Kisha akatuonyesha namba. Mwaka 2004 ulichapishwa Marekani utafiti wa watoto 112 wenye OCD, wa miaka 7 hadi 17, uliochukua wiki 12. Kundi moja walipewa mazoezi peke yake, jingine setralini (dawa ya jamii moja na fluoksetini) peke yake, jingine vyote viwili, na la mwisho kidonge kisicho na dawa ndani. Waliofikia hali ambayo ugonjwa karibu haupo walikuwa asilimia 54 hivi kwa waliopata vyote viwili, 39 kwa mazoezi peke yake, 21 kwa dawa peke yake, na 4 kwa kidonge kitupu. Nilizinakili nyuma ya daftari langu la vipimo na bado zipo.

Mume wangu ana akili ya hesabu. Alizitazama akasema, "Daktari, mazoezi peke yake yameipita dawa. Sasa dawa ya nini?" Ni swali ambalo kila mzazi anapaswa kuliuliza, na jibu lake kwetu lilikuwa hivi: watoto wa utafiti ule walionana na mtaalamu mara 14 ndani ya wiki 12. Sisi wa kwetu tulikuwa tunampata mara moja kwa mwezi, tena kwa kuomba nafasi. Na Lusajo alikuwa amekwama ngazi ya pili. Daktari hakutaka dawa ichukue nafasi ya mazoezi. Alitaka ishushe hofu kiasi ambacho mtoto angeweza kuyafanya. Namba ya 21 nayo ilinifundisha kitu: mzazi anayepewa dawa bila mtu yeyote kumweleza mazoezi amepewa nusu ya tiba, tena nusu iliyo dhaifu.

Suala la dawa ngeni lilikuja pia, maana mama mkwe alihisi mjukuu wake anafanyiwa majaribio. Si dawa za jana. Klomipramini iliruhusiwa Marekani kwa OCD mwaka 1989, na kwa watoto ni kuanzia miaka 10. Setralini ilifuata mwaka 1997 kwa watoto wa OCD kuanzia miaka 6, fluoksetini mwaka 2003 kuanzia miaka 7. Klomipramini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya OCD, lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inasumbua mapigo ya moyo mpaka inahitaji kipimo cha moyo, na mtoto akimeza nyingi kwa bahati mbaya ni hatari kubwa. Ndiyo maana daktari hakuanza nayo.

Lililoninyima usingizi ni onyo la kujidhuru. Oktoba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za sonona ziwekewe onyo lenye fremu nyeusi. Walijumlisha majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400, wakakuta mawazo au vitendo vya kujidhuru kwa asilimia 4 ya waliotumia dawa, na asilimia 2 ya waliopewa kidonge kitupu. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Nilimuuliza daktari, "Kwa hiyo unataka niongeze hatari hiyo kwa mkono wangu?" Akasema ndiyo, hatari hiyo ipo, ni ndogo, na iko zaidi miezi ya mwanzo na kila kipimo kinapobadilishwa, kwa hiyo majuma hayo mtoto haachwi bila macho. Akatuambia cha kutazama: kutotulia kusiko kwa kawaida, hasira mpya, kukosa usingizi, kuongea habari za kufa. Akatupa namba ya simu ya kliniki na akasema tusisubiri tarehe ya kadi.

Halafu akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kukaa siku nyingi bila kulala, anaongea kwa kasi, anagawa mali, anajiona mkubwa kupita wote. Swali hili lina sababu. Kwa mtu mwenye asili ya ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, dawa hizi zinaweza kumpandisha. Mimi nikasema hakuna. Mume wangu akakaa kimya, kisha akamtaja baba yake mdogo, ambaye nilikuwa nimeambiwa siku zote kwamba alirogwa akapotelea Zambia. Aliuza ng'ombe wote wa nyumbani kwa wiki moja, akaahidi kujenga kanisa. Daktari aliandika, akasema haizuii kuanza, ila inabadilisha tutakavyoanza: kipimo cha chini zaidi, kupanda polepole zaidi, kurudi mapema zaidi. Nawasihi, kama mna ndugu wa namna hiyo aliyefunikwa kwa hadithi ya kurogwa, mtajeni mbele ya daktari.

Kikao cha familia kilikuwa kirefu. Mama mkwe alisema mkianza dawa za akili watu watasema mtoto wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na jina hilo litamfuata mpaka kwenye kuoa. Sikumdharau, maana huko ndiko tunakoishi sote. Shemeji alitaka tusubiri, watoto hukua wakaacha. Na mimi nilipopewa nafasi nilisema jambo moja ambalo bado ndilo ninalosimamia: kila mtu hapa anapima dawa na mtoto mzima, na mtoto mzima hayupo. Upande wa pili wa mizani yuko Lusajo asiyekula na wenzake, asiyemgusa mdogo wake, mwenye damu kwenye daftari, aliyeacha kucheza mpira ambao alikuwa anaupenda kuliko chakula. Kusubiri nako ni dozi. Anainywa kila siku, na hakuna aliyewahi kutuonyesha karatasi ya madhara yake. Mama mkwe alinyamaza, halafu akauliza kidonge kinanywewa kabla ya uji au baada.

Tulichagua fluoksetini kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo iliyokuwa inapatikana kwa uhakika. Ya pili daktari aliieleza vizuri: dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Ukishaitumia kwa wiki kadhaa, inachukua kama siku 4 hadi 6 kupungua nusu, wakati setralini inachukua karibu siku moja. Mtu wa Uyole anajua maana yake. Kuna wiki duka la dawa litakwambia njoo Jumatatu, kuna siku barabara imefungwa na lori, kuna msiba Kyela. Dawa inayosamehe siku mbili tatu ina thamani kwetu.

Akaanza na miligramu 10. Kwa kuwa tulipata vidonge vya 20 pekee, daktari mwenyewe ndiye aliyepanga anywe siku moja aruke moja, na hilo linawezekana kwa sababu ileile ya kukaa mwilini. Msijipangie nyumbani. Anakunywa asubuhi, maana jioni inaweza kumfukuzia usingizi. Majuma ya mwanzo tumbo lilimuuma na akawa hataki uji. Hayo yalipita. Kipimo kilipopandishwa akawa hatulii, anaongea wakati wote, anapanda juu ya sofa usiku saa nne anataka kuimba. Tulipiga simu, kikarudishwa chini, kikapandishwa tena taratibu zaidi, na safari hiyo akakivumilia. Mume wangu alilala chumba kimoja na wanawe kipindi chote hicho. Shamba lilisubiri.

Mabadiliko yalikuja bila kutangaza. Kwa wiki nyingi niliona madhara tu bila faida, na hiki ndicho kipindi ambacho wazazi wengi wanatupa dawa, nawaelewa kabisa. Kisha siku moja mwanasaikolojia akamrudisha kwenye kitasa cha stoo. Alikishika. Akasimama pale anatetemeka, midomo imekauka, na mwanasaikolojia anamuuliza hofu iko namba ngapi kati ya kumi. Tisa. Tisa. Nane. Tukakaa kimya. Saba. Tisa tena, Tusa alikuwa amepiga chafya. Nane. Sita. Aliposema nne aliangalia mkono wake kama mtu aliyerudishiwa kitu. Mawazo hayakuwa yameondoka. Aliniambia yapo palepale, "ila sasa yanaongea kwa sauti ndogo, naweza kufanya mengine huku yanaongea."

Kuanzia hapo ngazi zilipandwa, si zote kwa mfululizo, wala si bila kuteremka. Kiazi alikila akiwa analia. Tusa alimpakata kwanza kwa dakika chache, baadaye kwa kujisahau, akiwa anaangalia katuni. Alama zake zimeshuka mpaka chini ya kundi la ugonjwa mkali. Bado ananawa zaidi ya wenzake akiwa na mtihani. Bado kuna usiku anaanza "Mama, ati..." kisha anajikatiza mwenyewe, "Basi, ni OCD." Mikono imepona, na sasa nampaka mafuta kama watoto wengine.

Matumizi ya muda mrefu yana kazi zake. Urefu, kwa mfano. Katika jaribio moja la watoto waliotumia fluoksetini kwa wiki 19, walirefuka kwa wastani sentimita 1.1 pungufu, na kuongezeka kilo 1.1 pungufu, kuliko wenzao wa kidonge kitupu. Mimi ni fundi, futi iko shingoni kutwa nzima. Nampima urefu kila mwanzo wa muhula ninapompima shati, naandika kwenye daftari lilelile, na tunampelekea daktari. Mpaka sasa anakua vizuri, na suruali zimekuwa fupi kwa kasi inayoniudhi kama fundi na kunifurahisha kama mama.

Malaria ni jambo jingine. Huku juu kwetu ni baridi, lakini likizo anakwenda kwa mama yangu Kyela, na Kyela mbu hawabembelezwi. Mseto, dawa ya malaria, na fluoksetini vyote vinaweza kugusa mwendo wa mapigo ya moyo, kwa hiyo anayemtibu anatakiwa kujua kabla hajaandika dawa. Malaria itatibiwa, hilo halina mjadala. Ila ajue. Tramadoli, dawa ya maumivu, pia hatakiwi kupewa hivihivi akiwa kwenye dawa hii. Nimemwandikia mama yangu karatasi ngumu yenye jina la dawa, kipimo na namba zetu, ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Dawa za mizizi nimemwomba kwa heshima asimpe, akakubali baada ya kuniuliza maswali ya maana kuliko ya watu wengi waliosoma.

Shuleni anajua mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu tu. Wenzake hawajui, na huo ni uamuzi wa Lusajo.

Sasa yuko darasa la sita, na tuko kwenye mjadala wa kupunguza. Mume wangu anataka tuanze likizo ya Desemba: mtoto yuko nyumbani, hakuna shule, tunaona kila kitu. Mimi naona Januari anaingia darasa la saba, mtihani wa taifa ni Septemba, na kama dalili zitarudi zitarudi katikati ya mwaka huo. Daktari anasema tarehe zote mbili zinawezekana, mradi kupunguza kuende kwa miezi, mazoezi yaendelee, na tusianze karibu na jambo zito. Tulimuuliza mwenyewe. Alifikiri, akasema anataka afanye mtihani kwanza akiwa na dawa, ila dawa ianze kupunguzwa kabla ya sekondari, kwa sababu akienda bweni hataki kumeza kidonge mbele ya kitanda cha watu ishirini.

Tumekubaliana na yeye. Tutaanza kupunguza Oktoba baada ya mtihani. Dodoso lile la alama litafanywa kabla ya kuanza na kila kipimo kinaposhuka, na likipanda tunarudi kwenye kipimo cha nyuma bila kulaumiana. Kufika Januari hatutakuwa tumemaliza, hilo daktari ametuambia waziwazi, kwa hiyo suala la bweni halijafungwa. Mume wangu ameshaanza kuulizia shule za sekondari za kutwa ambazo mtoto anaweza kufika kwa daladala moja kutoka Uyole.